Kiti cha Kukunja cha Warumi: Asili Yake na Nakala Zake

Jamaa mmoja anayeishi Uingereza alinunua nakala ya kiti cha kukunja cha Warumi, akaniuliza: je, hiki kilikuwa kiti cha mfalme? Jawabu ni hapana, na sababu yake inafaa kuelezwa.

Umbo lake si geni kwetu. Aliyewahi kukunjua marfaa ya kuwekea msahafu anaijua miguu inayopishana. Kiti cha Warumi kina jozi mbili za miguu ya namna hiyo, zilizoshikwa kwa pini pale zinapopishana, na juu kimewambwa ngozi au kitambaa. Mgongo hakina. Wala Warumi si wao waliokibuni. Katika kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa Misri mwaka 1922, vilikutwa viti vya kukunja vilivyotengenezwa zaidi ya miaka mia tano kabla ya tarehe ambayo Warumi wenyewe waliihesabu kuwa ya kuasisiwa mji wao.

Kiti cha kawaida, cha mbao au chuma, kilichukuliwa safarini na katika kambi za jeshi. Kimoja cha chuma kilifukuliwa katika makaburi ya Bartlow, mashariki ya Uingereza, katika karne ya 19. Ama kile kilichoitwa sella curulis, chenye miguu ya kupinda na mapambo ya pembe za ndovu, kilikuwa haki ya wakuu wachache wa dola, wakiwemo makonsuli na mapretori. Konsuli alishika cheo kwa mwaka mmoja tu. Kiti chake kilichukuliwa na watumishi, na popote kilipokunjuliwa ndipo palipokuwa baraza la hukumu.

Mwaka 67 kabla ya Miladi, konsuli Acilius Glabrio alipita mbele ya pretori Lucius Lucullus, naye Lucullus hakuinuka. Konsuli akaamuru kiti chake kivunjwe. Mwanahistoria Cassius Dio anasimulia kwamba Lucullus hakuonyesha hasira. Tokea hapo yeye na mapretori wenzake wakawa wanatoa hukumu wakiwa wamesimama. Kiti kilivunjika, lakini cheo kilibaki na watu.

Hapa ndipo kinapotofautiana na kiti chetu cha enzi cha Lamu na Unguja. Hicho kina mgongo mrefu, hukaa ndani ya nyumba, na humheshimu mgeni anayekaribishwa. Haifai kusema kwamba kimoja kimezaa kingine kwa kuwa vyote viwili vimepambwa kwa pembe.

Nakala nyingi za leo huongezwa mgongo na mikono, kisha huitwa za Kirumi. Jambo hili si jipya. Kiti kiitwacho cha mfalme Dagobert, kilichohifadhiwa Paris, kilikuwa cha kukunja, cha shaba nyeusi. Baadaye kikaongezwa mgongo na mikono, na Napoléon akakikalia mwaka 1804 kama kiti cha wafalme wa kale.

Kuwa na nakala si aibu. Lakini tuandike chini ya kiti: nakala, imenunuliwa mahali fulani, mwaka fulani. Sisi tuliohama tunajua jinsi kitu kinavyobaki nyumbani baada ya aliyekijua kufariki. Tusipoandika, wajukuu watarithi kiti pamoja na hadithi isiyo kweli, na watakapoigundua wataanza kuzitilia shaka hata zile za kweli.