Kazi Iliyobaki Baada ya Stephen

Stephen Heywood alikuwa seremala. Mwaka 1998, akiikarabati nyumba huko Palo Alto, California, alishindwa kuzungusha ufunguo mlangoni. Mkono ulionekana mzima, ila vidole vilikosa nguvu. Kabla mwaka haujaisha madaktari walimwambia ana ALS, ugonjwa unaoua seli za neva zinazoendesha misuli. Mikono hulegea, kisha miguu, ulimi, na mwishowe misuli ya kupumulia. Wagonjwa wengi hufariki ndani ya miaka miwili hadi mitano tangu dalili zianze. Stephen alikuwa na miaka 29.

Kaka yake mkubwa, Jamie, mhandisi aliyesoma MIT, aliacha kazi na mwaka 1999 akaanzisha taasisi ya kutafuta dawa huko Massachusetts. Mwaka 2004 yeye, mdogo wao Ben na rafiki yao Jeff Cole walianzisha PatientsLikeMe, tovuti ambamo wagonjwa huandika wenyewe jinsi hali yao inavyobadilika. Stephen alifariki Novemba 2006.

Kazi haikuzikwa naye, na hapo ndipo penye uchungu wa habari hii. Kwa miaka kadhaa maabara ya taasisi hiyo ilirudia majaribio ya dawa zilizosifiwa kurefusha maisha ya panya waliopandikizwa jeni ya ALS: dawa zaidi ya 70, panya wapatao 18,000. Mwaka 2008 matokeo yalichapishwa. Hakuna hata moja iliyofua dafu.

Kulikoni? Panya jike huishi muda mrefu kidogo kuliko dume. Panya wengine hupoteza nakala kadhaa za jeni ile, ugonjwa ukapungua makali. Wengine hufa kwa sababu nyingine kabisa, nao wakahesabiwa kuwa wameuawa na ALS. Ukitumia panya wachache, tofauti hizo hujivika sura ya nafuu iliyoletwa na dawa.

Mwaka huohuo wa 2008 watafiti wa Italia walitangaza kuwa lithiamu inapunguza kasi ya ALS. Wagonjwa wakaanza kuimeza wenyewe. PatientsLikeMe ikakusanya kumbukumbu za wagonjwa 149 waliokuwa wakiitumia, kila mmoja akalinganishwa na wenzake ambao ugonjwa wao ulikuwa umekwenda kwa mwendo uleule. Baada ya mwaka mzima, nafuu haikuonekana. Makala ikatoka mwaka 2011 katika Nature Biotechnology.

Je, kumwambia mgonjwa kwamba dawa haifanyi kazi ni njia ya kumuenzi ndugu? Ndiyo, tena njia ngumu kuliko zote, kwa sababu tumaini la uongo humlia mgonjwa muda aliobakiwa nao.

Je, kushikamana hivyo na marehemu ni sawa? Mwaka 1917 daktari Sigmund Freud aliandika kwamba mfiwa hana budi kujitenga taratibu na marehemu. Mwaka 1996 Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman walikusanya ushahidi wa kinyume chake: wafiwa wengi huendelea na uhusiano wao na marehemu kwa sura nyingine, bila kuwa wagonjwa. Mwanasaikolojia Robert Neimeyer huongeza kwamba kufiwa hukata simulizi ambayo mtu alikuwa akiishi ndani yake, naye hulazimika kuiunga upya. Kwa akina Heywood, uhusiano huo ulipata pa kukaa: maabara na takwimu.

Taasisi ile ya Jamie ndiyo pia chimbuko la tegoprubart, kingamwili iliyotafutwa kwa ajili ya ALS. Haijawa tiba ya ugonjwa huo. Lakini Machi 2024, madaktari wa Boston walipompandikiza mtu aliye hai figo ya nguruwe kwa mara ya kwanza, tegoprubart ilikuwa miongoni mwa dawa alizopewa ili mwili wake usiikatae.