Jengo Tupu la Chama na Madeni Yake Mjini

Vyama kadhaa vya ushirika nchini Tanzania vina maduka, maghala au ofisi mjini zisizo na mpangaji. Kamati hufunga mlango, hukabidhi ufunguo kwa katibu, na shauri likadhaniwa limekwisha. Yafaa wanachama waelewe kwamba jengo likifungwa halifutiki katika vitabu vya Serikali.

Kodi ya majengo ndiyo husahauliwa kwanza. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU. Kwa viwango vya mwaka 2023, nyumba ya kawaida hutozwa shilingi 1,500 kwa mwezi, na jengo la ghorofa mjini shilingi 7,500 kwa kila ghorofa. Umeme usiponunuliwa hakikatwi kitu, bali deni hulimbikizwa. Duka la kawaida likikaa tupu miaka miwili, mpangaji mpya hukuta shilingi 36,000 zinadaiwa siku anunuapo umeme mara ya kwanza. Atakirudia chama kwa haki, maana kodi hiyo ni ya mwenye jengo.

Hatari kubwa zaidi imo katika ardhi yenyewe. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 huhesabu ardhi kuwa imetelekezwa endapo kodi ya pango imedaiwa kwa muda usiopungua miaka miwili, au jengo limeachwa likabomoka hata kuwa hatari. Mwisho wa njia hiyo ni kufutwa kwa hakimiliki, na ghala lililojengwa kwa jasho la wakulima likapotea kwa deni dogo.

Kwa hiyo katibu aanze kwa kusoma jina na anwani katika hati. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa na mali zao kukabidhiwa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 iliporudisha ushirika, si kila jengo lilirudi pamoja na karatasi zake. Ilani ya deni yaweza kupelekwa katika sanduku la posta la chombo kilichokwisha kufa, na chama kikakaa kimya kikidhani hakidaiwi. Jina likiwa si la chama, ofisi ya ardhi ijulishwe kwa barua kabla ya kutafuta mpangaji, na nakala ihifadhiwe.

Namba ya mita nayo iandikwe katika daftari la mali. Mahali penye mlinzi, umeme wa taa yake ununuliwe kila mwezi, ili kodi ikatwe kwa wakati wake.