Maji ya Shamba Lako Huishia Wapi?

Ndugu mkulima, ukipata safari ya Isiolo, usiridhike na kuona mji tu. Upande wa chini wa Archer's Post, Mto Ewaso Ng'iro huanguka kwenye miamba. Hayo ndiyo maporomoko ya Chanler, yenye jina la Mmarekani William Astor Chanler, aliyeufuata mto huo mwaka 1892. Si makubwa kama yale ya Nyahururu yenye mita 74, wala hayana sifa kama hayo.

Simama uyatazame maji yale. Mengine yametoka milima ya Nyandarua, yakapita kando ya mashamba ya skimu, yakashuka Nyahururu kwa Mto Ewaso Narok. Kutoka hapo huwanywesha watu na mifugo mpaka kinamasi cha Lorian.

Lakini wakati wa kiangazi kikali mto umepata kukauka pale Archer's Post: mvua hukosekana, na huku juu mifereji na pampu huzidi. Basi, kabla ya kuchimba mfereji, pata kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Mwagilia jioni. Ziba panapovuja. Chimba bwawa la maji ya mvua. Mfugaji wa Merti humjui, lakini mnakunywa mto mmoja.