Udokezi na haki kwa msomaji katika riwaya za fantasia

Udokezi ni mbinu ya kumwachia msomaji mapema alama ya jambo litakalotokea mbele katika hadithi. Watunzi wa riwaya ya upelelezi waliuwekea masharti zamani. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri wa Kiingereza aliyetunga pia hadithi za aina hiyo, alitoa kanuni kumi. Mojawapo ilidai kila kidokezo anachokiokota mpelelezi kionyeshwe msomaji papo hapo. Nyingine ilipiga marufuku nguvu zote zisizo za kawaida. Mawili haya yanakwenda pamoja, kwani penye uchawi lolote laweza kutokea, na msomaji hana la kukisia.

Fantasia imejengwa juu ya kile kile Knox alichokitupa nje. Kwa hiyo haki kwa msomaji wake ina nusu mbili: vidokezo vya tukio, na kanuni za uchawi wenyewe. Nusu ya pili ilielezwa vizuri mwaka 2007 na mtunzi Mmarekani Brandon Sanderson: mwandishi anaweza kutatua tatizo kwa uchawi kwa kadiri tu msomaji anavyouelewa uchawi huo.

Mfano ulio bora ni Harry Potter and the Goblet of Fire (2000), kitabu cha nne cha J. K. Rowling. Mwishoni inabainika kwamba mwalimu Moody si Moody. Ni mhalifu Barty Crouch mdogo, aliyedhaniwa amekufa gerezani, akiwa amejigeuza umbo kwa dawa. Dawa hiyo msomaji anaijua tangu kitabu cha pili (1998): lazima inywewe kila saa, na hutengenezwa kwa ngozi ya boomslang, nyoka wa mitini anayepatikana hata Afrika Mashariki. Katika kitabu cha nne ngozi hiyo inaibwa kwenye stoo ya mwalimu Snape, naye Moody hanywi ila kutoka kwenye chupa yake ya kiunoni. Ramani ya kichawi inayoonyesha kila mtu alipo, ambayo tangu kitabu cha tatu inajulikana kwamba haisemi uongo, inaonyesha usiku jina la Bartemius Crouch ofisini mwa Snape. Harry anadhani ni Crouch baba, kumbe ni mwana mwenye jina lile lile. Hakuna kilichofichwa. Kila kidokezo kimepewa sababu nyingine inayotosheleza: Moody anasifika kwa kuogopa sumu, na wizi wa stoo Snape anamsingizia Harry, kwa kuwa rafiki zake waliwahi kuiba humo. Kidokezo chenye kazi yake ndani ya tukio, hata kama ni kuchekesha tu, hupita bila kuulizwa.

Kujua dalili hakupunguzi mshtuko. Mauaji ya harusini katika A Storm of Swords (2000) ya George R. R. Martin yaliwaumiza wasomaji vibaya, ingawa kitabu kilichotangulia kilikuwa kimeonyesha katika njozi karamu ya maiti, na mfu mwenye kichwa cha mbwamwitu ameketi kitini pa enzi. Mbwamwitu ndiye nembo ya ukoo wa Robb Stark, mfalme anayeuawa.

Mfululizo una shida ambayo riwaya moja haina: kitabu cha kwanza kimekwisha kuuzwa kabla cha mwisho hakijafikiriwa. J. R. R. Tolkien alikumbana nayo. Katika The Hobbit ya mwaka 1937, kiumbe Gollum anaahidi pete yake kuwa zawadi ya Bilbo, mhusika mkuu, akimshinda kwa vitendawili, na akiikosa anaomba radhi. Baadaye, Tolkien alipokuwa akiandika The Lord of the Rings, pete ile ikawa kitu kiovu kisichoachwa kwa hiari. Aliiandika upya sura hiyo, ikatoka katika toleo la 1951, na masimulizi ya zamani yakageuzwa kuwa uongo wa Bilbo, dalili ya kwanza kwamba pete imeanza kumharibu. Ni ukarabati wa kijanja kuliko mipango mingi iliyopangwa mapema.

Rowling naye hakufaulu kila mahali. Ushindi wa mwisho wa Harry katika kitabu cha saba (2007) unategemea kanuni kwamba fimbo ya uchawi humhamia kwa utii amshindaye mmiliki wake. Tukio lenyewe lilipandwa: mwanafunzi Draco anampokonya mwalimu mkuu Dumbledore fimbo katika kitabu cha sita. Lakini kanuni inaelezwa kwa urefu katika kitabu cha saba tu, ambamo hata habari kwamba fimbo hiyo ya Dumbledore ni kuu kuliko zote zinasikika kwa mara ya kwanza. Hiyo ni nusu haki.

Robert Jordan alikwenda mbali zaidi. Mwishoni mwa The Fires of Heaven (1993), kitabu cha tano cha The Wheel of Time, mhusika mwovu Asmodean anafungua mlango na kuuawa, na muuaji hatajwi. Jordan alishikilia kwamba vidokezo vinatosha, huku wasomaji wakibishana miaka nenda miaka rudi. Alifariki mwaka 2007. Jina la muuaji, Graendal, lilichapishwa waziwazi mwaka 2010 katika kitabu cha 13, Towers of Midnight, kilichokamilishwa na Sanderson, tena katika faharasa ya majina nyuma ya kitabu.