Tuhesabu Mimea ya Kinamasi Kabla ya Kuikata

Hapa Tuwan na vijiji vya jirani tunasikia mara nyingi: "Ile swampi ni majani ya bure tu, tulime sukuma wiki!" Kabla kikundi hakijainua jembe, tunawaomba kihesabu kwanza kilichoko pale. Kinamasi kikishachimbwa mitaro hakirudi kwa msimu mmoja.

Mto Nzoia hutoka Cherangani na Mlima Elgon, hupita kwetu, kisha huingia Ziwa Victoria huko Budalang'i. Hapo kwenye delta, mto unapotawanyika na kumwaga tope, mafuriko yamehamisha watu mara nyingi. Mafunjo na matete hupunguza mbio za maji, hushika udongo na kuachilia maji polepole wakati wa kiangazi. Tukiyafyeka huku juu, wenzetu wa Budalang'i wanapata maji na udongo kwa pamoja, na sisi tunabaki na chemchemi zinazokauka. Karibu nasi, Saiwa ilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1974 ili kumlinda nzohe, mnyama asiyeweza kuishi bila mimea hiyo.

Kazi yenyewe si ngumu:

1. Funga kamba ya mita 50 kutoka nchi kavu mpaka ndani ya kinamasi.

2. Kila mita 5, laza fremu ya miti ya mita 1 kwa mita 1. Andika kila mmea ulio ndani yake, na umefunika kiasi gani: robo, nusu au yote. Pima kina cha maji kwa fimbo.

3. Tenga mimea kwa makao yake: inayoishi chini ya maji, ile ambayo majani yake huelea kama yungiyungi, inayosimama majini kama mafunjo, na ya ukingoni.

4. Waulize wazee, waganga wa miti shamba na kina mama wanaosuka mikeka. Andika jina la Kibukusu, Kisabaot au lolote lile, pamoja na matumizi yake.

5. Mmea usiojulikana, kata tawi lenye ua, lilaze kati ya magazeti chini ya mawe, na badilisha magazeti kila siku mpaka likauke. Wataalamu wa mimea wa Makumbusho ya Taifa, Nairobi, wanaweza kulitambua.

6. Rudini palepale wakati wa mvua na wakati wa kiangazi.

Nendeni wawili wawili, mkivaa gambuti. Mtoto asiingie majini.

Daftari litawaonyesha mengi. Mafunjo yakipungua, tafuteni ni nani anakata au anakausha. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 inakataza kukausha kinamasi bila idhini. Mkiona gugu maji, ling'oeni mapema na kulianika mbali na maji. Mmea huo wa Amerika Kusini ulifunika ghuba za Ziwa Victoria miaka ya 1990 mpaka mashua zikashindwa kupita.

Maswali ya kujadili kikundini:
- Ni mimea gani ya kinamasi tuliyoijua utotoni na leo haionekani?
- Tunaweza kuvuna mafunjo bila kuyamaliza? Kwa zamu gani?
- Nani atatunza daftari?

Mali bila daftari hupotea bila habari.