Kuratibu Kazi ya Kujitolea Katika Uandishi wa Miongozo: Mfano wa Programu Huria

Utangulizi

Mwanachuo anayejiandaa kuwa mwalimu wa shule ya msingi huzoea kudhani kwamba mwongozo ni kitabu kinacholetwa shuleni kikiwa kimekwisha kamilika. Atakapoanza kazi atakuta kwamba maandishi mengi yanayohitajika huandikwa na walimu wenyewe, baada ya saa za vipindi, bila malipo yoyote. Je, kazi ya namna hiyo huratibiwaje hata ikazaa mwongozo unaoaminika? Katika makala haya tumekusudia kujibu swali hilo kwa kuitazama jamii yenye uzoefu mkubwa wa jambo hili, yaani jamii ya watu wanaotengeneza programu huria za kompyuta.

Programu huria na miongozo yake

Programu huria ni programu ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kumgawia mwenziwe. Mfano mmoja ni LibreOffice, iliyoanzishwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice.org, ambayo hutumika kuandikia barua, kupangia hesabu na kuandalia michoro. Watengenezaji wake wengi ni watu wa kujitolea, na hata vitabu vinavyoeleza matumizi yake huandikwa kwa kujitolea.

Hata hivyo, kupata waandishi wa miongozo si rahisi. Katika uchunguzi uliofanywa na GitHub mwaka 2017, watu 93 katika kila 100 walisema wamekutana na maelezo yasiyokamilika au yaliyopitwa na wakati. Lakini wachangiaji 60 katika kila 100 walikiri kwamba ni nadra kushiriki katika kuyaandika maelezo hayo, au hawashiriki kabisa. Yaani karibu wote waliliona tatizo, na wengi wao hawakulishughulikia. Tena mtu aliyekwisha kulizoea jambo husahau ni wapi mgeni hukwama. Mwalimu anaujua vema udhaifu huo, kwani ndio unaomfanya mtaalamu wa hesabu ashindwe kufundisha kujumlisha darasa la kwanza.

Njia za uratibu

Mratibu wa watu wa kujitolea hana mshahara wa kukata wala cheo cha kumtishia mtu. Hana budi kutumia njia nyingine, nazo ni hizi:

(a) Kugawa kazi katika vipande vidogo. Miongozo ya LibreOffice hugawanywa katika sura, na mtu mmoja huweza kuichukua sura moja tu. Anayeombwa "asaidie mwongozo" hajui aanzie wapi. Anayeombwa aeleze namna ya kuchora jedwali, tena kabla ya mwisho wa mwezi, anajua kazi yake ni ipi na itakwisha lini. Haba na haba hujaza kibaba.

(b) Kukubaliana juu ya maneno mapema. Mwaka 2004 ilitolewa OpenOffice.org kwa Kiswahili, kwa jina la Jambo OpenOffice, katika mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi kama hiyo hudai orodha ya istilahi inayofuatwa na wote. Ikiwa mwandishi mmoja ataandika "faili", wa pili "jalada" na wa tatu "hati", msomaji atadhani anaelezwa vitu vitatu tofauti.

(c) Kukaguliwa na mtu mwingine. Sura iliyokwisha kuandikwa hupewa msomaji wa pili kabla ya kutolewa. Mkaguzi mwema haishii kwenye tahajia. Huketi mbele ya kompyuta na kufuata kila hatua kama ilivyoandikwa, na pale anapokwama ndipo panaporekebishwa.

(d) Kutaja toleo na mtunzaji. Kila mwongozo wa LibreOffice hueleza unahusu toleo gani la programu. Katika mradi wa miongozo ya Linux, ulioanza mwaka 1992, maandishi kadhaa yalikosa watu wa kuyatunza yakapitwa na wakati, ingawa yaliendelea kusomwa.

(e) Kutambua mchango. Majina ya wachangiaji huchapishwa katika kurasa za mwanzo za kitabu. Kwa mtu asiyelipwa, hilo si jambo dogo.

Kosa letu wenyewe

Njia ya nne ndiyo inayosahauliwa kwa urahisi, nasi tumepata kuisahau. Tuliwahi kuwaomba wanachuo kumi watuandikie mwongozo wa kutumia kompyuta za chuoni. Waliuandika vizuri, tukaupiga chapa, tukaugawa. Hatukuandika unahusu toleo gani, wala hatukumteua mtu wa kuutunza. Baadaye programu zilibadilishwa. Mwanachuo mmoja akaenda na mwongozo ule kwenye mazoezi ya kufundisha, akasimama mbele ya darasa na kuwaagiza watoto wabonyeze kitufe ambacho hakikuwapo. Watoto waliendelea kukitafuta kwa utiifu mpaka kipindi kikaisha. Mwanachuo yule aliporudi alituambia kwamba alidhani mjinga ni yeye. Hakuwa mjinga. Uzembe ulikuwa wetu sisi wakufunzi, tuliodhani kwamba kazi imekwisha siku ilipopigwa chapa.

Hitimisho

Tumeona kwamba moyo wa kujitolea peke yake hautoshi. Kazi ikigawanywa, maneno yakikubaliwa, maandishi yakikaguliwa, mtunzaji akijulikana na mchango ukitambuliwa, watu wasiolipwa huweza kuandika kitabu cha kutegemewa. Pasipo hayo, juhudi njema huweza kumpotosha yule yule iliyekusudia kumsaidia. Mwalimu kijana atakapokabidhiwa kazi ya kuwaongoza wenzake kuandaa maazimio ya kazi au mwongozo wa somo, na aulize kwanza: nani atautunza mwakani?

Zoezi

1. Chagueni mada moja ya darasa la nne. Igawanyeni katika vipande ambavyo kila mmoja aweza kukiandika kwa jioni moja.
2. Mpeni mwenzenu asiyeijua mada hiyo afuate maelezo yenu bila msaada. Andikeni kila mahali alipokwama, kisha myasahihishe maelezo hayo.
3. Mteueni mtunzaji wa maandishi hayo, na mwandike tarehe atakayoyapitia tena.