Bwawa la Mchanga: Istilahi na Elimu ya Maji Katika Kitui na Makueni

Katika nchi ya Wakamba mito mingi haina maji ya kuonekana kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mvua hunyesha kwa misimu miwili, ule wa Machi hadi Mei na ule wa Oktoba hadi Desemba, na huu wa pili ndio autegemeao zaidi mkulima wa Kitui na Makueni. Mvua ikishakatika, mto hubaki njia pana ya mchanga mweupe. Mgeni husema mto umekauka. Mwenyeji huchimba katika mchanga ule ule akateka maji. Wahandisi, wanafizikia na wanahisabati wamefanya utafiti mwingi juu ya maji haya yaliyofichika, na karibu wote wameuandika kwa Kiingereza. Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi Kiswahili kinavyoweza kuubeba utafiti huo, na mahali ambapo istilahi zinazotumika sasa zinampotosha msomaji.

Chombo chenyewe si kigumu kukieleza. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukata mto wa msimu, mahali ambapo mwamba uko karibu na uso wa ardhi. Mafuriko huja na mchanga. Mchanga mzito hutua nyuma ya ukuta, na tope laini hupita juu yake likaenda zake. Baada ya misimu kadhaa nafasi yote nyuma ya ukuta hujaa mchanga, na ndani ya mchanga huo hukaa maji. Kuta za namna hii zilijengwa Ukambani tangu wakati wa ukoloni, lakini zilienea hasa baada ya mwaka 1995, shirika la SASOL lilipoanza kuzijenga Kitui pamoja na wanavijiji. Katika muda wa miaka kumi hivi zilikuwa zimepita 500. Kazi hiyo ilitegemea sana mwethya, yaani desturi ya Wakamba ya kufanya kazi kwa pamoja, ambayo haina haja ya kutafsiriwa: neno hilo limekwisha kuzoeleka hata kwa Wakenya wasiojua Kikamba.

Jina linalotumika kwa Kiswahili ni bwawa la mchanga. Hapa ndipo matatizo yanapoanzia. Kihusishi -a cha Kiswahili kina kazi nyingi. Nyumba ya mawe imejengwa kwa mawe; gunia la mahindi limejazwa mahindi; shamba la mihogo limekusudiwa mihogo. Msomaji asiyewahi kufika Kitui, asomapo bwawa la mchanga, yumkini atadhani ni ukuta uliofanywa kwa mchanga, jambo ambalo mhandisi yeyote angelikataa mara moja. Fauka ya hayo, neno bwawa humletea mtu picha ya maji yaliyotuama wazi, na lambo, ambalo wengine wamelipendekeza, huleta picha ya mahali pa kunyweshea ng'ombe. Yote mawili ni maji ya kuonekana. Lakini fadhila ya chombo hiki ni kwamba maji yake hayaonekani. Jua la Makueni hunywa maji ya lambo kwa haraka, lakini maji yaliyo chini ya mchanga kwa kina cha kiasi cha nusu mita au zaidi hupungua kwa mvukizo kidogo sana. Pengine ghala la maji mchangani lingefaa zaidi, ingawa ni refu, na lugha ya watu haipendi majina marefu.

Neno ghala lina faida nyingine, nayo ni kwamba humfanya mtu aulize ni kiasi gani kinachoingia. Hesabu yake ni nyepesi. Ichukuliwe kwamba ukuta una kimo cha mita 3, mto una upana wa mita 20, na mchanga umelala nyuma ya ukuta kwa urefu wa mita 200, ukipungua kina polepole kama kabari. Ujazo wa kabari hiyo ni nusu ya 3 mara 20 mara 200, yaani mita za ujazo 6,000. Kama nafasi zilizo baina ya chembe za mchanga ni asilimia 30, maji yanayoweza kuingia humo ni mita za ujazo 1,800, yaani lita 1,800,000, au mitungi 90,000 ya lita ishirini. Si yote yatakayotekwa, kwa maana sehemu moja hushikamana na chembe wala haitoki.

Katika maelezo haya yamo mambo mawili ambayo maandishi mengi ya Kiswahili huyachanganya: wingi wa nafasi zilizomo ndani ya mchanga, na wepesi wa maji kupita katika nafasi hizo. Si kitu kimoja. Udongo wa mfinyanzi una nafasi nyingi sana, pengine kuupita mchanga, bali nafasi hizo ni ndogo mno hata maji hayapiti ila kwa shida. Jambo la pili ndilo alilolipima mhandisi Mfaransa Henry Darcy katika mji wa Dijon. Alipitisha maji katika bomba lililojazwa mchanga, na mwaka 1856 akatangaza kwamba kiasi cha maji yanayopita hulingana na tofauti ya kimo cha maji baina ya ncha mbili, ikigawanywa kwa urefu wa njia. Kila modeli ya maji ya ardhini iliyotengenezwa kwa ajili ya Kitui imesimama juu ya kanuni hiyo.

Kwa bahati njema mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili unatosha kuitenganisha dhana hii na jamaa zake bila kukopa. Penya ni kitendo cha maji. Upenyaji basi ni mwendo wa maji yenyewe. Penyeza ni kutendesha, na upenyezaji humtaka mtendaji, kama vile pampu. Penyeka huonyesha hali ya kitu kukubali kupenywa, kwa hiyo upenyekaji ndiyo sifa ya mchanga ambayo Darcy aliipima. Anayeandika upenyezaji wa mchanga amempa mchanga kazi ya pampu. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, nayo ilikuwa hatua kubwa. Lakini orodha ya maneno haiwezi kuchukua nafasi ya mwandishi anayefikiri juu ya viambishi vya lugha yake.

Suala zito kuliko hayo ni neno upotevu. Mhandisi huandika mizania ya maji kama mfanyabiashara aandikavyo daftari lake: yaliyoingia kwa mvua na mafuriko, yaliyotoka kwa mvukizo, kwa kutekwa, na kwa kuvuja. Yaliyovuja huwekwa upande wa hasara. Katika bonde la mto Kiindu, Kitui, watafiti wa Vrije Universiteit ya Amsterdam walipima vimo vya maji ardhini, na kazi yao ikatolewa mwaka 2006. Mwaka 2008 Rolf Hut, Maurits Ertsen na wenzao walichapisha uchunguzi uliotumia modeli za kihesabu kueleza athari za kuta hizi kwa maji ya ardhini. Modeli ya namna hiyo huigawa nchi katika vipande vidogo, na kompyuta hukadiria kwa kila kipande maji yaliyoingia kutoka kwa jirani zake na yaliyotoka. Kilichodhihirika ni kwamba ghala haliishii penye mchanga. Maji huingia katika kingo za mto yakaziinulia kimo cha maji, na mto ukishuka huweza kurudi polepole. Sasa, mkulima mwenye mboga na miembe ukingoni ataambiwaje kwamba maji yanayofika kwenye mizizi ya miti yake ni upotevu? Kwake ndiyo mapato. Neno lililochaguliwa kwa ajili ya safu ya daftari limekwisha kuamua nani anahesabiwa kuwa mtumiaji wa maji. Mchepuko lingetosha, nalo halimhukumu mtu.

Si kila ukuta umefaulu. Utafiti uliotolewa mwaka 2015 kuhusu kusini-mashariki ya Kenya ulionyesha kwamba kuta zilizojengwa kwa mkupuo mmoja hadi kimo chake kamili aghalabu hunasa tope laini pamoja na mchanga, maana mafuriko hupoa kabla ya kulivusha. Kuinua ukuta kwa awamu, msimu baada ya msimu, hupunguza kasoro hiyo, lakini huwataka watu warudi kazini mara nyingi. Ghala lililojaa tope bado huitwa bwawa la mchanga katika ripoti, na huhesabiwa pamoja na mengine. Hesabu ya kuta ni rahisi kuliko hesabu ya maji.

Limebaki neno uvunaji. Uvunaji wa maji ya mvua ni kuyakusanya na kuyahifadhi. Uvunaji wa mchanga ni kuuchota mtoni kwa malori na kuupeleka kwenye majengo ya Nairobi na miji mingine. Kitenzi ni kimoja, na matendo yanapingana, kwa kuwa anayeondoa mchanga anabomoa ghala ambalo mwenzake amelijaza. Tena kuvuna hudokeza kwamba kulipandwa na kwamba mwakani kutamea. Mchanga hauoti, huletwa na mafuriko, nao huweza kuchotwa upesi kuliko unavyoletwa. Uchimbaji ni neno la zamani, linajulikana na kila mtu, na halina udanganyifu huo. Kaunti ya Makueni ilipotunga sheria yake ya mchanga mwaka 2015, jina la sheria hiyo lilitaja uhifadhi na utumiaji, uvunaji haukutajwa. Hata hivyo, katika mazungumzo ya Kiswahili juu ya sheria hiyo hiyo, wachimbaji bado huitwa wavunaji.